Lita Ishirini na Nne

Josho la Mbarika ni refu na jembamba,
limepita katikati ya mawe kama mfereji uliosahau kwenda.
Tangu alfajiri nalipima kwa kijiti chenye alama:
lita elfu kumi na mbili, maji ya ziwa,
yaliyopandishwa na pampu yenye kifua kibovu.

Ng'ombe watafika saa tatu.
Dumu la dawa limeandikwa asilimia kumi na mbili na nusu.
Ninaitaka sehemu ishirini na tano kwa laki,
basi; ipungue hapo, kupe watanicheka,
izidi hapo, watakaolala si kupe.

Mwalimu Nkwimba, pale chuoni Mabuki,
alitughania hesabu hii huku akigonga meza kwa kizibo cha chupa:

Ukali unaotaka, uzidishe kwa ujazo,
Jibu lake ukishika, gawa kwa ule wa mwanzo,
Ndiyo dawa ya kuweka, maji yajaze masazo,
Kosa moja likifika, zizi li maombolezo.

Siku ya jaribio Ng'wandu aliandika mia mbili arobaini.
Nukta ilimponyoka, ikahamia jirani.
Mwalimu hakufoka. Aliuliza:
"Ng'ombe wa nani hao, Ng'wandu?"
"Wa mtihani, mwalimu."
"Na wa mtihani hawana mwenyewe?"
Tulicheka. Ng'wandu hakucheka.
Kwao walikuwa wamebaki wanane.

Mimi kuzimua nilikujua kabla ya chuo.
Mama aliuza maziwa Igoma,
lita tatu zikawa nne pale kwenye bomba la jirani,
mpaka bwana afya alipotumbukiza kipimo chake cha kioo,
nacho kikazama, kikazama, kama mtu anayetafuta ukweli chini.
"Sijapunguza hata tone la maziwa," mama aliapa.
Na kweli hakupunguza!
Miaka kumi baadaye niliikuta sheria yake ubaoni:
kilichomo ni kile kile,
umekipanulia chumba tu.
Mwalimu angempa alama zote.
Soko lilimpa faini.

Jana usiku dada yangu Milembe alipiga simu kutoka Bugando,
yuko zamu ya wodi ya watoto, ananong'ona:
"Sukari ni ya hamsini, naitaka ya kumi, mililita hamsini."
"Kumi za sukari," nikasema, "arobaini za maji."
"Najua. Nilitaka sauti nyingine iseme."
Kisha kimya, na nyuma yake
mtoto wa mtu akilia kwa nguvu ndogo.

Leo sauti nyingine sina.
Nimeandika mkononi kwa kalamu, nimefuta kwa mate, nimeandika tena:
elfu kumi na mbili, gawa kwa mia tano.
Ishirini na nne.
Kopo langu ni la lita tano.
Mara nne, halafu nne juu yake,
nahesabu kwa sauti, mawe yananisikia.

Mzee Bugumba ametangulia kundi lake, fimbo begani.
"Ongeza kidogo, daktari. Kupe wa mwaka huu wana kiburi."
"Kidogo ni ngapi, mzee?"
Anaangalia dumu, anaangalia ng'ombe wake, hasemi.

Nasuuza kopo mara tatu, na masuuzo namwaga humo humo joshoni,
si mtaroni, maana mtaro unateremka ziwani
na ziwa halifuti kitu. Linakipanulia chumba.

Nakoroga kwa mti mrefu.
Maji yanageuka polepole, meupe, mepesi,
rangi ile ile ya ndoo ya mama.

Beberu jekundu la ng'ombe, sikio limechanika,
linasimama ukingoni, linanusa,
linaniangalia.
Nasoma tena kiganja changu.
Linaruka.