Nondo ya Kumi na Tisa

Baba alikuwa na kamba ya mita hamsini,
fundo kila mita, la kumi limepakwa rangi nyekundu.
Kila Septemba, kondoo wakishateremshwa,
tulikwenda kuipima barafu ya Dimmujökull
kama fundi anavyompima bibi harusi:
hapa kiuno, hapa kimo, andika.
Ila bibi harusi wetu alikonda,
na gauni likabaki chini,
kokoto na matope, mikunjo mikunjo.

Ikirudi nyuma kamba nzima, baba aligongomea nondo.
Ya kwanza ni ya mwaka niliozaliwa.
Leo iko nyuma ya choo cha watalii,
mtu ametundika juu yake glavu ya mtoto.

Binti yangu Steinvör ana miaka sita na maswali sitini.
Barafu ikiisha, chini kuna nini?
Jiwe.
Na chini ya jiwe?
Moto. Akacheka, akidhani namtania.

Unamkumbuka babu akitua gunia la chakula cha kondoo?
Hakunyooka papo hapo.
Mgongo ulikuwa bado unaamini gunia lipo.
Alinyooka pingili kwa pingili,
ndipo pumzi ikamtoka, hooo,
na neno moja ambalo mama amekukataza kulisema.

Ardhi nayo ndivyo.
Imebeba barafu tangu kabla mtu wa kwanza hajaita mahali hapa jina.
Sasa inatua.
Kile kifaa kilichofungwa mwambani juu ya zizi
kinasema tumepanda sentimita tatu kwa mwaka,
nyumba, kondoo, kaburi la babu, vyote.
Babu anapaa?
Kidogo, nikasema. Sentimita tatu.

Na huko chini kabisa, jiwe lililobanwa
likipata nafasi huyeyuka,
bila kuongezewa hata kijiti.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi:
si lazima uchochee. Yatosha kuondoa kifuniko.

Jirani yetu Ljótur ana hoja, huja nayo wakati wa kahawa.
"Mlima ukilipuka siku moja, moshi wake unashinda magari yetu yote.
Niacheni na trekta langu."
Simbishii kila siku. Alizika kondoo kumi na saba
waliokula majani yenye majivu,
meno yameota kama misumari.
Ana haki ya kuuchukia mlima.
Lakini mlima, Ljótur, hukohoa ukanyamaza.
Sisi ndio hatujanyamaza.

Mwaka ule ulipokohoa, majivu yaliangukia barafu.
Palipoanguka mengi, ilijifunika kama kwa blanketi, haikuyeyuka.
Palipoanguka machache, utando mwembamba kama wanja,
jua lililewa pale, barafu ikatoboka.
Sijui hilo lilitaka kunifundisha nini.
Niliandika tu daftarini: blanketi linalinda, wanja unayeyusha.
Usiku wa tatu maji yakashuka
yakachukua daraja na nondo ya kumi na nane,
na mapande ya barafu makubwa kama makanisa
yakasimama malishoni wiki mbili, yakitoka jasho.

Leo Septemba tena. Kutoka nondo ya kumi na saba
kamba ya baba haifiki.
Nimeiunga na ya kuanikia nguo, ya buluu,
bado ina kibanio kimoja.
Steinvör ameshika ncha. Mimi natembea
mpaka sauti yake inakuwa ndogo.
Nagongomea ya kumi na tisa.
Nyundo inalia, na chini ya soli za viatu
kitu kinajibu, au nadhani kinajibu.

"Ngapi, baba?"
Nahesabu mafundo. Nahesabu tena.
"Bado," namwambia. "Shika hivyo hivyo."