Kisigino cha Unywele

Jumamosi nilifumua nywele za wiki saba,
nimeketi barazani Isevya, mgongo mlangoni,
na kila msuko ulioachia ulinidondoshea mapajani
kishungi, na kishungi tena,
mpaka kanga ikabeba kitu cha ukubwa wa kifaranga.
Nikakigeuza. Hakikulia.
Nililia mimi.

Nilikuwa na sababu. Jumanne ile, kazini Cheyo,
tunakochuja asali kabla ya kuitia chupani,
unywele ulinitoroka chini ya kilemba
ukalala juu ya kichujio, mweusi, mrefu, wangu.
Bi Milembe aliuokota kwa ncha ya kisu, hakusema neno.
Ndoo nzima tuliichuja upya.

Na usiku Nyamizi wangu, miezi minne,
akinyonya hushika anachokipata;
asubuhi namfungua kiganja, kidole kwa kidole,
nakuta nywele zangu kazikunja humo kama nauli.

Mama mkwe akasema fukia, usitupe,
ndege akijengea kiota utaumwa kichwa mwaka mzima.
Nikafukia. Nikaanza na kuhesabu.
Sabini na moja kwenye chanuo. Tisini na tatu.
Mia na nne, siku ya upepo.
Niliziandika nyuma ya kadi ya kliniki:
mbele kilo za mtoto zinapanda,
nyuma mama anapukutika.

Ndipo akaja wifi yangu Kabula, msusi,
vidole vinanuka mafuta na ncha za rasta zilizochomwa.
Akanyanyua unywele mmoja, akauelekeza juani.
"Unaona hiki cheupe mwishoni?"
Mzizi, nikasema. Umeng'oka na mzizi wake.
"Mzizi gani, nawe una mtoto mwenye jina la mizizi!
Hiki ni kisigino. Mpangaji kahama, nyumba ipo.
Uliokatika hauna kisigino; huo ndio ungenitia shaka."

Akachora vumbini kwa mkia wa chanuo:
mia kwa siku, siku arobaini na tisa,
elfu nne na mia tisa.
"Zilishaaga, wifi, kila moja siku yake.
Msuko ulizishikilia tu,
leo unaziwekea matanga ya pamoja."

Unywele, alisema, hukua miaka mitatu, minne, hata sita,
husita wiki mbili tatu,
kisha hulala kama miezi mitatu, hauongezeki,
hadi mchanga unaopanda chini yake uupishe njia.
Na kila mmoja una saa yake,
ndiyo maana hatuamki vipara.

Mbona mimi zote kwa pamoja?

Akamtazama Nyamizi.
"Huyu akiwa tumboni, zilikataa kulala.
Umesahau kilemba kilivyokubana?
Alipotoka zikalala kwa mkupuo,
na sasa zinaondoka kwa mkupuo.
Akifikisha mwaka zitakuwa zimetulia.
Ila ukiona duara tupu kama sarafu,
au zikizidi kupungua mwaka ukipita,
usinitafute mimi. Nenda Kitete."

Mimi nimekulia Sikonge. Ningepaswa kujua.
Agosti miombo husimama mifupa mitupu,
mgeni akipita husema msitu umekufa.
Kisha, tone la mvua halijaanguka,
yanatoka majani mekundu kama ufizi wa mtoto.
Baba hakuwahi kuteremsha mzinga
kwa sababu ya majani makavu.

Sikuacha kuhesabu siku hiyo hiyo.
Jumapili, themanini na nane.
Jumatatu sikuiona kalamu, sikuitafuta.

Nyamizi naye ana upara kisogoni, pale anapolalia,
na hakuna aliyemwambia ahuzunike.
Bi Milembe kaninunulia wavu wa kichwani.
Nauvaa.
Juu ya masikio kuna vinywele vifupi, vikaidi,
havijui kulala, havijui asali.
Vinapenya matundu ya wavu
vinachungulia.