Kioo cha Uvunguni

Ukumbi umejaa, bisi zinanukia siagi,
na mji ulio kwenye pazia ni huu huu wetu.
Mtu akiona Barabara ya Kenyatta anapiga mluzi,
"Duka la mjomba hilo!"
Jasusi anaruka kutoka paa hadi paa
bila kifungo kimoja cha shati kukatika.

Magaidi wanaitaka familia yake.
Aliua ndugu ya mkubwa wao, sasa damu inadaiwa:
mke kafungwa kitini, watoto wamo ndani ya lori,
na bomu lina tarakimu nyekundu, kubwa,
ili sisi wa viti vya nyuma tusipitwe.

Baba yangu, Nzioka, hakuruka paa lolote.
Alikuwa na kitambi na goti bovu.
Majirani wa Imara Daima walijua anauza dawa za mifugo;
walimletea habari za ng'ombe wanaohara,
naye akawashauri,
na ng'ombe wengine wakapona.

Kila alfajiri, tai tayari shingoni,
alichukua mpini wa fagio
uliofungiwa kioo cha kunyolea kwa mpira wa tyubu,
akapiga magoti kando ya Peugeot,
akakagua uvungu, gurudumu kwa gurudumu.
Mimi na Mwende, dirishani, tulidhani analiombea gari.
Tukaitikia amina.

Kisha ikaja bahasha ya kaki.
Ndani, picha: sisi wawili langoni mwa shule,
soksi ya Mwende imeshuka, mimi nacheka.
Nyuma yake, kwa hati nzuri, hati ya mwalimu:
*Mdogo ameng'oka jino.*

Basi. Hapakuwa na jina wala madai.
Mama alisoma mara moja, akazima jiko;
maharagwe yakabaki nusu mbichi sufuriani,
na kwa ninavyojua mimi, yangali pale.
Lori lilikuja bila taa. Paka hakuonekana, hakungojwa.

Utawala. Kisha Rongai.
Kisha Kahawa, nyumba isiyo na namba.
Nikapewa jina jipya, pana kama sare ya kukulia,
na mwalimu alipoliita nilichelewa kuitika,
akaandika: *mtoto huyu hasikii vizuri.*

Hawakuja.
Miaka kumi na mitatu, hakuja mtu.
Kila hodi ilikuwa yao, kumbe ni muuza mayai.
Walitupiga kwa kalamu, mstari mmoja, wakaenda zao,
labda wakasahau,
nasi tukabaki kujitekelezea hukumu wenyewe,
kwa bidii, mapazia yamefungwa mchana.

Baba aliuawa na sukari.
Tulimzika Lang'ata, si kwao, usiniulize kwa nini.
Wanaume wawili wa miwani myeusi
waliligeuzia kaburi mgongo, wakatuhesabu.

Lakini filamu, kabla ya milio yote ile,
ina mlango unaovunjwa usiku, mtu anaburutwa ngazini,
na mtoto wake, kavaa fulana tu,
anabaki ameshika ndara moja ya baba.
Sekunde nne. Nilizihesabu.
Kisha helikopta, na mtoto yule hatajwi tena.
Mimi nilibaki naye mpaka taa zilipowashwa.
Maana nani huona pengo kinywani mwa mtoto wa adui
kama nyumbani kwake hakuna,
au hakukuwa na, mwenye pengo kama hilo?

Watu wanapiga makofi. Jasusi kashinda, mke kapona,
watoto wana blanketi mabegani.

Chini, kwenye maegesho, nadondosha funguo makusudi
ili niiname bila mtu kucheka.
Mutuku wangu ananiwahi, anaziokota,
"Mama, mikono yako siku hizi!"
na anacheka, mdomo wazi.
Limetoka juzi, la mbele.
Shangazi yake Mwende anadai picha kila siku.
Sijapiga.