Zitaingia

Nilisema zitaingia.
Sikusema huenda, sikusema tujaribu.
Nilisema huku natafuna andazi la jana,
simu nimeibana kati ya sikio na bega,
spana mkononi:
Corolla ya elfu mbili na tisa? Zitaingia, mama, njoo.

Akaja Bi Aila Koskela, mjane wa Nipigon,
glavu zake za sufu zimetoboka vidole viwili.
Akahesabu dola mia nne na themanini
noti moja moja, bila haraka, nje theluji ikianza.
Matairi manne ya msimu wa baridi, meno mapya.
Nikayapakia mwenyewe, mawili kwenye buti,
mawili kiti cha nyuma, nikayafunga mkanda
kama watoto wa shule. Tukacheka.

Siku ya tatu alirudi nayo.
Kilomita mia moja za barabara ya ziwani hadi Thunder Bay,
malori ya magogo yakimrushia tope la barafu kiooni,
na chini yake yale yale ya kiangazi, vipara.
Rimu zake kumi na tano. Mpira wangu kumi na sita.
Inchi moja,
na inchi moja kwa tairi
ni sawa na kutokuwa na tairi.

Nikamwonyesha kibao. Ndiyo, nilimwonyesha.
Herufi ni za Kiingereza, maneno ni ya duka la baba, Korogwe:
mali ikishauzwa hairudi.
Nikasema, mnunuzi ndiye ajuaye gari lake.
Nikasema, namba ziko ubavuni, nani asiyesoma?
Ulimi hauna mfupa;
wangu siku hiyo haukuwa hata na haya.

Hakubisha. Akavua glavu,
akatoa risiti, akainyoosha kauntani kwa kiganja.
Mwandiko wangu. Wino wangu. Corolla, 2009,
na kwa kuwa nilitaka kuonekana mjuzi,
nimepigia mstari.

Mali bila daftari huisha bila habari,
baba alinifundisha hilo kabla ya kuhesabu chenji.
Hakunifundisha kwamba daftari lina mdomo,
na mdomo wake haumjui mwenye kalamu.

Maana yule mama hakuniuliza mpira.
Alinitajia gari.
Kujua kilichobaki ilikuwa kazi yangu,
ndiyo sababu duka lina mlango na jina langu juu yake.
Alinunua neno moja, matairi yalikuwa kifungashio,
na neno ndilo halikuingia.

Nikamrudishia mia nne na themanini.
Akamtaja fundi wa Nipigon, aliyemtoza thelathini
kwa kujaribu kisichowezekana. Nikalipa, nikinuna.
Akataja petroli.
Hapo nikajifanya simu inalia.

Ni majira manne ya baridi sasa.
Mteja akija natoka naye nje,
napiga goti barafuni, nafuta theluji kwa mkono wa koti,
namsomea ubavu wa tairi lake kwa sauti, namba hadi namba,
hata akisema anazijua, hata akitetemeka.

Kwenye droo kuna bahasha, dola ishirini na tano,
jina lake juu. Nipigon si mbali.
Nasema nitakwenda.
Najisikia nikisema,
kwa sauti ile ile.