Nguzo ya Kumi na Nne

"Kamwene," Sekikoti akatuamkia,
tiketi mkononi, kavaa mabuti ya mvua na jua linawaka.
Tulikuwa sita: mwalimu, wanandoa wa Makambako,
mama na mtoto mwenye kikohozi,
na mimi, niliyekaa Kihesa miaka kumi na tisa
bila kuuliza njia ya kuja Isimila.

Tukashuka korongoni.
Mchanga ukameza nyayo, nguzo zikasimama
kama ndugu waliogombana,
kila moja na kofia yake ya jiwe.
Akasema: hapa palikuwa ziwa. Palikuwa na viboko.
Mtoto akatazama chini, akasogeza mguu.

Mashoka ya mawe yamelala chini ya kibanda cha bati.
Msiguse, akasema, kisha akaokota moja
akanipa. Likanienea kiganjani
kama mkono wa mtu niliyemzoea.
Nikalirudisha upesi, sijui kwa nini.

Kule mwisho, palipo kifusi,
alinyoosha kidole hewani:
"Hii ya kumi na nne. Ilianguka masika."
"Sasa mbona unaihesabu?" mwalimu akauliza.
Sekikoti akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.
"Nimewaonyesha watu hii tangu sijaolewa.
Twendeni. Ya kumi na tano ile pale."

Jioni, Ipogolo, ulanzi ukitoa povu kikombeni,
nikaukuta mkono wangu wa kulia
bado umejikunja,
umeshika kitu ambacho hakimo.