Makopo Mawili

Mwaka wa sita huu nauza viazi karai
hapa Majengo, ubavuni mwa duka la Shaibu,
na ungeniuliza jioni, leo umepata ngapi,
ningekujibu bila kupepesa: elfu mbili na mia nne.
Nazifungua penye pindo la leso, nazihesabu mara mbili,
noti zanuka mafuta na ukwaju,
nalala nimeridhika.
Asubuhi natafuta nauli ya Kongowea, siioni.

Nani kaila? Nikamshuku paka. Nikamshuku mume.
(Mume naye si msafi sana. Tutamfikia.)

Tima, mtoto wa dadangu, anayesomea uhasibu,
akakaa juu ya ndoo ya rangi, akataka daftari.
Nikampa la madeni. Ndilo nililokuwa nalo.
"Mama mdogo," akasema, "hizi elfu mbili na mia nne ni mauzo.
Faida bado haijafika. Iko njiani,
na njiani kuna watu."

Tukawahesabu watu wa njiani.
Viazi, mia sita na hamsini.
Mafuta lita tatu, mia tisa; hapo nikakohoa.
Unga mia mbili, makaa mia na hamsini,
pilipili, chumvi, ukwaju, magazeti ya kufungia, mia,
na kanjo, hamsini yake, mvua inyeshe isinyeshe.
"Na karai?"
"Karai ni langu, nimeshalilipa."
"Elfu moja mia nane, na kila mwaka latoboka. Gawanya."
Kumbe chuma hiki chanidai shilingi tano kwa siku,
hata siku ya Idi.

Zikabaki mia tatu arubaini na tano.
Toa mia ya Mwinyi, ya kahawa na maneno ya kahawani.
Zilizosalia: tokeni za stima, mchango wa harusi,
dawa ya kikohozi.
"Na wewe?"
"Mimi nini?"
"Waamka saa kumi, wafunga saa tatu usiku. Nani akulipaye?"
Akaandika kitu, akakigeuza nikione:
shilingi kumi na nne kwa saa.
Kiazi changu kimoja ni kumi.
Nilitazama mikono yangu, ina alama za mafuta hadi kwenye viwiko,
nikamwambia Tima ainuke kwenye ndoo yangu.

Lakini usiku nililifungua lile daftari peke yangu.
Fundi Nyamawi, mia nne themanini.
Mama Zuhura, elfu moja na mia, tangu mfunguo mosi.
Hata kanjo mwenyewe yumo, ukurasa wa tatu.
Jumla, elfu sita mia tatu.
Mimi ni benki, jamani! Benki isiyo na mlango,
na riba yangu ni "Allah akuzidishie."

Wiki ya kwanza nilikosea. Nikavikata viazi vidogo.
Nyamawi akakiinua kimoja kwenye mwanga:
"Hiki nacho kimefunga?"
Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikulala vyema.
Kesho yake nikavirudisha ukubwa wake
nikaandika kwa makaa ukutani: LEO TASLIMU.
Mama Zuhura hakunisalimu siku nne.
Siku ya tano alileta mia tatu, zimekunjwa kama hirizi.

Sasa nina makopo mawili.
La maziwa ya unga ni la karai. La majani ya chai ni la nyumba.
Mwinyi alikuja na mkono wake uliozoea: "Nipe mia."
"Kopo gani?"
Akayatazama yote mawili. Miaka kumi na tisa ya ndoa,
hajapata kuulizwa kopo gani.

Ijumaa nilijilipa. Mia tisa, siku sita.
Nikaandika tarehe, nikaandika *nimepokea*,
kisha nikakwama penye sahihi,
sikujua nitie upande wa tajiri au wa kibarua.

Jioni mwanangu Swafiya akanyoosha mkono achukue kiazi.
Nikatoa kumi kopo la chai,
nikaitia kopo la maziwa. Ikalia.
"Mama, wajilipa mwenyewe?"
"Kula," nikamwambia, "kitapoa."