Kinachochangia

Juzi umeme ulikatika Pasua saa mbili kasorobo.
Niliwasha tochi ya simu, nikalala kifudifudi na daftari
lile Elinami alilolikataa kwa sababu lina sungura jaladani.
Nilitaka kumjua mwizi.

Maana mwizi yupo. Mwezi huu nimeuza viatu pale Memorial
mpaka vya mguu mmoja, visivyo na mwenzake,
nimemsukumia fundi soli kwa bei ya chumvi,
na bado mtoto amerudishwa na kikaratasi cha ada
kimebanwa kwa pini kwenye sweta, kama bei.

Nikaanza na watuhumiwa wa kawaida.
Mkaa: niliuandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.
Maji, na yule msoma mita asiyeshuka kwenye pikipiki.
Mvua. Kule Uru migomba imenyauka,
ndizi ya mtori imepanda bei kama ina digrii.
Serikali nayo nikaipa mstari wake, haikosi.
Dawa za presha za mama mkwe: nikaandika, nikafuta,
nikaandika tena kwa haya.
Shemeji Kundaeli na mbege yake, nusu mstari,
kwani hunywa kwa kukopa.
Nikajumlisha.
Jumla haikufika hata nusu ya shimo.

Ndipo simu, ileile iliyokuwa ikinimulikia,
ikatetemeka kiganjani:
"Ndugu mjumbe, tunakukumbusha kwa upole..."
Kwa upole! Upole gani una kiwango cha chini,
elfu hamsini kwa mmoja, laki kwa wawili,
na sare imeshachaguliwa, rangi ya zambarau iliyoiva?

Nikafungua ukurasa mpya.
Sendofu ya binti wa Mzee Kisanga.
Kicheni pati ya binti huyohuyo.
Harusi ya binti huyohuyo, utadhani wako watatu.
Kipaimara cha Kibosho, ubarikio wa Mamba.
Kuvunja kamati. Ndiyo, tulichanga
ili kuivunja kamati ya kuchanga.
Ndafu alipambwa, majani mdomoni, akatabasamu,
nami nikampigia vigelegele kwa ada ya muhula mzima.

Redioni husema: "mambo yanayochangia umaskini."
Miaka yote neno hilo limepita sikioni kama sabuni.
Usiku ule nililisikia, *kuchangia*,
nikacheka peke yangu gizani hadi mtoto akageuka.
Lugha ilinishtaki zamani, mimi nikaitikia kama kibwagizo.

Ningefunga daftari hapo ningelala vizuri.
Mwizi kapatikana, ni desturi,
na desturi haina mlango wa kugongwa.
Lakini ule ujumbe ulikuwa na cheo mwishoni:
M/Hazina.
M/Hazina ni mimi.
Niliuandika Jumatatu, nikautega ujitume wenyewe
kila baada ya siku mbili
kwa watu sitini na wanne, mimi mmoja wao,

na Anansia wa Njoro mmoja wao,
yule aliyeniomba, nikiwa nimeshika kiatu cha mteja,
"Mama Elinami, nisogeze mbele, mtoto kifua kinambana,"
nikamwambia jina litasomwa kikaoni,
si mimi, ni utaratibu.
Alilipa. Alilipa siku ileile,
noti zimekunjwa ndogondogo kama za kuficha.
KCMC walifika siku ya nne.

Mtoto yuko hai. Nasema haraka kabla hujauliza,
kama nilivyojiambia haraka.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, mweupe kidogo utosini,
hauna la kusema.
Nilikata jani la isale kwenye uzio wa jirani,
nikaenda Njoro kwa miguu.
Anansia alikuwa anafua. Alilitazama jani,
akatazama mkoba wangu, ule wa vikao,
akakausha mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole.
"Umekuja kudai?" akauliza.